Ekari ya Hatua na Ekari ya Simu: Jinsi ya Kupima Shamba na Kuorodhesha Mazao

Mkulima akiulizwa shamba lake ni ekari ngapi, jibu huwa tayari: ekari moja, ekari mbili, nusu ekari. Akiulizwa lilipimwa lini na nani, jibu huchelewa. Mara nyingi kipimo hicho kilirithiwa pamoja na shamba lenyewe, au kilitokana na hatua za mzee ambaye sasa hayupo.

Siku hizi simu ya mkononi inaweza kupima shamba kwa muda ule ule wa kuzunguka mpaka kwa miguu. Programu kadhaa za kazi hii hupatikana bila malipo, na nyingine hufanya kazi hata mahali ambapo mtandao haushiki. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa, makosa yanayoharibu kipimo, namna ya kuandika mazao yaliyochanganywa, na jambo ambalo kila familia inafaa kulielewa kabla ya kuanza: ramani ya simu huonyesha mahali palipotembewa na kinacholimwa hapo. Haiamui ardhi ni ya nani.

HATUA 70 ZA NANI?

Wengi hupima ekari kwa kutembea hatua 70 upande mmoja na hatua 70 upande wa pili. Desturi hii ina msingi wake. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, na mraba wa yadi 70 kwa 70 unakaribia sana kipimo hicho. Yadi moja ni sentimita 91. Kwa hivyo mtu ambaye hatua yake ni ndefu, karibu mita moja kasoro kidogo, hupata ekari iliyo karibu na ukweli.

Tatizo ni kwamba hatua za watu hazilingani. Chukua mfano wa wakulima wawili. Wa kwanza ana hatua ya sentimita 90. Hatua zake 70 ni mita 63, na mraba wake una mita za mraba 3,969, yaani ekari 0.98. Wa pili ana hatua ya sentimita 70. Hatua zake 70 ni mita 49, na mraba wake una mita za mraba 2,401, yaani ekari 0.59. Wote wawili watasema wamelima ekari moja, na wote watakuwa wanasema wanachokiamini. Lakini wa pili ana zaidi kidogo ya nusu ekari.

Tofauti hiyo hutoka mfukoni. Kwa mahindi, kiasi cha kawaida cha mbegu ni kilo 10 kwa ekari, na wakulima wengi hutumia mfuko mmoja wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia. Mkulima wa pili akinunua kwa hesabu ya ekari moja, atakuwa na takriban kilo 4 za mbegu na kilo 20 za mbolea zisizohitajika. Akizimwaga zote shambani, mahindi yatabanana na kunyang'anyana maji, jambo baya zaidi katika maeneo yanayopata mvua chache kama Ganze na sehemu za Magarini. Dawa ya wadudu ikipimwa kwa ekari ya uongo, hupita kiasi na kumdhuru anayepuliza na anayekula.

Hesabu ya mavuno nayo hupotoka. Mkulima huyo akivuna gunia 8, atasema ekari yake imetoa gunia 8 na kuona shamba limechoka. Ukweli ni kwamba amevuna kwa kiwango cha zaidi ya gunia 13 kwa ekari. Anaweza kuacha mbegu nzuri kwa sababu ya kipimo kibaya.

Kwa upande wa umma, Katiba ya mwaka 2010 iliiweka kazi ya kilimo cha mimea na ufugaji mikononi mwa serikali za kaunti. Kaunti hupanga mbegu, maghala na ziara za maafisa kwa kujumlisha ekari zinazotajwa na wakulima. Mwaka 2023, serikali ya kitaifa pia iliandikisha wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, na miongoni mwa mambo yaliyoulizwa ni ukubwa wa shamba na zao linalolimwa. Anayetaja ekari chache kuliko alizo nazo anaweza kupata mgao usiomtosha. Anayetaja nyingi huchukua mgao wa jirani.

SIMU INAJUAJE ILIPO?

Simu nyingi za kisasa zina kipokezi cha GPS, mfumo wa setilaiti unaoendeshwa na Marekani. Setilaiti hizo huzunguka dunia kwa urefu wa takriban kilomita 20,000 na kutuma ishara zenye saa kamili. Simu hupima ishara ilichukua muda gani kufika, na ikipata ishara za setilaiti zisizopungua 4, inaweza kujua mahali ilipo. Simu nyingi sasa husoma pia setilaiti za Urusi, Ulaya na China, na hilo huongeza usahihi.

Mambo matatu yanafuata hapo.

Kwanza, GPS haili bando. Simu hupokea ishara tu, haitumi chochote angani. Kinachotumia intaneti ni picha ya ramani inayoonekana nyuma ya mchoro. Mkulima aliye mahali pasipo na mtandao bado anaweza kupima, mradi programu iliwekwa kwenye simu mapema. Tofauti pekee ni kwamba, bila mtandao, simu inaweza kuchukua dakika kadhaa kupata setilaiti kwa mara ya kwanza. Asikate tamaa, asimame mahali peupe na kusubiri.

Pili, ishara hizo ni dhaifu. Mawingu hayazizuii sana, lakini paa la mabati, ukuta na majani mengi huzizuia au kuzirudisha kwa njia ya kupinda. Chini ya mwembe mkubwa au mkorosho ulioshikana matawi, simu inaweza kudhani iko mita nyingi kutoka ilipo.

Tatu, hata mahali peupe, simu ya kawaida hukosea kwa takriban mita 3 hadi 5. Kosa hilo ni dogo kwa shamba kubwa na kubwa kwa shamba dogo. Shamba la mraba la ekari 5 lina upande wa mita 142 hivi, na mpaka mmoja ukisogezwa mita 3, kipimo hubadilika kwa asilimia 2 tu. Shamba la robo ekari lina upande wa mita 32 hivi, na kosa lile lile la mita 3 hubadilisha kipimo kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kwa hivyo ploti ya futi 50 kwa 100, bustani ya mboga au kitalu hupimwa vizuri zaidi kwa tepu au kamba iliyopimwa. Simu ni ya mashamba ya nusu ekari kwenda juu.

KUCHAGUA PROGRAMU

Programu zinazotumika shambani ni za aina tatu, na si vizuri kuzichanganya.

Aina ya kwanza hupima eneo. Mfano ni GPS Fields Area Measure. Mkulima huzunguka mpaka au hugusa kona kwenye picha ya setilaiti, na programu humwonyesha ukubwa.

Aina ya pili ni fomu ya simu, kama KoboCollect, ambayo maafisa na mashirika hutumia kukusanya taarifa. Fomu huuliza maswali kuhusu mkulima na mazao, kisha huchora mpaka. Hujazwa bila mtandao na kutumwa baadaye simu ikipata intaneti.

Aina ya tatu hutambua magonjwa. PlantVillage Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na washirika wake, huangalia jani la muhogo kupitia kamera na kueleza kama lina dalili za batobato au michirizi ya kahawia. Haipimi shamba, lakini ina faida kwa mkulima wa muhogo.

Programu ya kupima inahitaji ruhusa ya kujua mahali simu ilipo. Haihitaji kusoma ujumbe, orodha ya majina wala kumbukumbu za simu. Ikiomba hayo, ifutwe na nyingine itafutwe.

HATUA KWA HATUA

1. Kujiandaa. Simu ichajiwe, kwa sababu GPS hula betri. Programu iwekwe na kufunguliwa mara moja nyumbani. Katika mipangilio, kipimo kibadilishwe kiwe ekari. Programu nyingi huja zikiwa na hekta, na hekta moja ni ekari 2.47. Mkulima anayesoma 0.6 akidhani ni ekari, kumbe ni hekta, hupoteza zaidi ya nusu ya shamba lake kwenye karatasi.

2. Kuwaita majirani. Kabla ya kutembea mpakani na simu mkononi, majirani wajulishwe na walioweza waje. Familia nayo ijue. Mtu anayeonekana akizunguka mpaka na simu huzua maneno, na maneno ya ardhi hayazimwi kwa urahisi.

3. Kona ya kwanza. Mkulima asimame penye uwazi kwenye kona moja. Programu nyingi huonyesha namba ya usahihi kwa mita. Asubiri ishuke hadi 5 au chini ya hapo ndipo abonyeze kuanza. Dakika mbili za subira hapa huokoa kazi yote.

4. Kutembea. Simu ishikwe mkononi mbele ya kifua, isiwekwe mfukoni wala kwenye kikapu. Mwendo uwe wa kawaida. Afuate mstari wa mpaka wenyewe, yaani minyaa, mkonge au bikoni, wala si njia ya miguu inayokatiza kando yake. Shamba lenye pande zilizonyooka lipimwe kwa kubonyeza kila kona. Shamba linalopinda kando ya mto au bonde lipimwe kwa njia ya simu kurekodi yenyewe wakati mtu anatembea.

5. Penye miti mingi. Kona ikiwa chini ya mti mkubwa, mkulima asimame hapo dakika moja au mbili kabla ya kubonyeza. Namba ya usahihi ikikataa kushuka, apime kwa tepu umbali kutoka mahali peupe hadi kwenye kona na kuuandika daftarini.

6. Kufunga. Mzunguko uishie pale pale ulipoanzia. Mchoro uangaliwe: kama kuna mstari unaokatiza katikati ya shamba au ncha iliyochomoka nje, kuna nukta iliyokosewa.

7. Kurudia. Azunguke tena kwa upande wa kinyume. Vipimo viwili vikikaribiana, achukue wastani wake. Vikitofautiana kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, apime mara ya tatu.

8. Kuhifadhi. Ramani ipewe jina linaloeleweka, kama "shamba la kisimani", pamoja na mwaka na msimu. Ipigwe picha ya skrini na kutumwa kwa simu ya pili nyumbani. Kipimo na tarehe viandikwe pia daftarini, kwa sababu simu huanguka majini na huibiwa.

KUTOA YASIYOLIMWA

Shamba la ekari 2 mara nyingi halina ekari 2 za mahindi. Ndani yake kuna boma, zizi, choo, makaburi, mawe na njia. Mbegu na mbolea hununuliwa kwa eneo linalolimwa tu. Kwa hivyo baada ya kupima mpaka wa nje, mkulima apime kila kipande kinacholimwa na kukihifadhi peke yake. Shamba moja linaweza kuwa na ramani nne: mpaka wote, kipande cha mahindi, kipande cha muhogo, na sehemu ya nyumba.

MAZAO YALIYOCHANGANYWA

Hapa ndipo ramani nyingi za Pwani huharibika. Shamba la Kaloleni au Rabai linaweza kuwa na minazi juu, muhogo katikati na kunde chini. Mkulima akiandika ekari moja ya minazi, ekari moja ya muhogo na ekari moja ya kunde, ekari moja imezaa tatu. Hesabu hiyo ikifanywa na maelfu ya wakulima, kaunti itaonekana kuwa na mashamba mengi kuliko ardhi iliyopo.

Kanuni rahisi ni hii: kipande kimoja kiandikwe mara moja, kwa zao lake kuu, kisha mazao mengine yatajwe kuwa yamechanganywa ndani yake.

Miti ihesabiwe kwa idadi. Minazi iliyopandwa kwa nafasi ya mita 9 kwa 9 huwa karibu 50 kwa ekari. Mikorosho ya mita 12 kwa 12 huwa karibu 28. Lakini minazi mingi ilipandwa na wazee bila kamba, na mingine imekufa. Mkulima mwenye minazi 23 aandike 23, hata kama shamba ni ekari moja. Ni vizuri pia kutenganisha inayozaa, iliyozeeka na michanga, kwa sababu hilo ndilo humwonyesha afisa wa kilimo mahali miche inapohitajika.

Kwa kila kipande, mambo haya matano yaandikwe: zao na aina ya mbegu, tarehe ya kupanda, mazao yaliyochanganywa, kama kuna maji ya kumwagilia, na mavuno baada ya msimu. Ramani ya mpaka hudumu miaka. Orodha ya mazao huzeeka kila msimu, na lazima iandikwe upya masika na vuli.

KWA NINI SETILAITI PEKE YAKE HAITOSHI

Wengine huuliza kwa nini mkulima asumbuliwe ilhali setilaiti zinaona kila kitu. Ni kweli kwamba setilaiti za Ulaya za Sentinel-2 hupiga picha za dunia kila baada ya siku 5 hivi, na picha hizo hutolewa bure. Lakini kila kijiraba cha picha hiyo ni mita 10 kwa 10. Robo ekari ni vijiraba 10 tu, na vile vya pembeni huchanganyika na shamba la jirani. Setilaiti huona ukijani. Haijui kama ni mahindi au mtama mpaka mtu aliyekanyaga shamba aseme. Wakulima wa kutosha wakisema ukweli, kompyuta hujifunza kutofautisha. Wakidanganya, nayo hujifunza uongo.

Kenya iliona umuhimu wa taarifa za mashambani wakati nzige wa jangwani walipoingia nchini mwishoni mwa mwaka 2019. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilishirikiana na PlantVillage kutoa programu ya simu iitwayo eLocust3m. Mtu aliyeona nzige alirekodi mahali walipo kwa GPS, na taarifa hizo zikasaidia kuelekeza vikosi vya kupuliza dawa.

Kiwavijeshi vamizi, aliyethibitishwa nchini mwaka 2017, huhitaji taarifa za aina hiyo. Mdudu huyu huharibu sana mahindi machanga. Afisa mwenye ramani ya mashamba na tarehe za kupanda anaweza kujua ni vijiji gani vina mahindi ya wiki 3 na kuanzia huko, badala ya kwenda kule mahindi yalikokwisha kukomaa.

KUSOMA NAMBA ZA MAHALI

Programu huonyesha mahali kwa namba mbili. Mji wa Kilifi, kwa mfano, uko karibu na -3.63, 39.85. Namba ya kwanza ni umbali kutoka ikweta, ya pili ni upande wa mashariki.

Alama ya kutoa mbele ya namba ya kwanza ina maana ya kusini mwa ikweta. Ikiachwa, shamba la Kilifi huruka zaidi ya kilomita 800 kaskazini, karibu na mpaka wa Kenya na Ethiopia. Tarakimu baada ya nukta nazo zina kazi. Zikiwa mbili, namba inaweza kumaanisha mahali popote ndani ya kilomita moja hivi. Zikiwa nne, ni takriban mita 11. Zikiwa tano, ni takriban mita moja. Anayenakili namba aandike zote, pamoja na alama.

RAMANI SI HATI

Jambo hili ndilo lenye uzito kuliko yote. Katika Kaunti ya Kilifi, kama kwingine Pwani, wapo watu wengi wanaolima ardhi wasiyo na hati yake, ardhi ya ukoo isiyogawanywa, au ardhi yenye mzozo. Kwa hivyo mtu anayekuja na simu kuchora mpaka anaweza kuonekana ni mwizi wa ardhi, au mlinzi wake. Kwa ramani hiyo, yeye si mmoja wala mwingine.

Ramani ya simu haimpi mtu ardhi na haimnyang'anyi mtu ardhi. Haichukui nafasi ya hati miliki, ramani ya usajili wala kazi ya mpima ardhi aliyeidhinishwa. Chombo kinachoweza kukosea kwa mita 5 hakiwezi kuamua mzozo wa mpaka wa mita 2. Kwa ardhi iliyosajiliwa, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 imeweka utaratibu wa kubainisha mipaka kupitia kwa Msajili wa Ardhi kabla kesi haijasikizwa mahakamani, na kuharibu au kuhamisha alama za mpaka ni kosa. Ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa huwekwa na Katiba chini ya kaunti kwa amana ya jamii, na usajili wake hufuata Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016. Hakuna njia ya mkato kupitia simu.

Kutokana na hayo, mkulima asitembeze simu ndani ya sehemu yenye mzozo ili aonekane ameimiliki. Aishie pale anapolima bila ubishi na aandike kwamba upande huo una mzozo.

Fomu nyingi zina nafasi moja ya jina. Hapo huumia wale wanaolima mashamba yasiyo kwa majina yao: mke, mjane, kijana kwenye ardhi ya baba, au mtu aliyekodi. Ikiwezekana, majina mawili yaandikwe: mwenye shamba na anayelima. Anayelima ndiye anayehitaji mbegu, mbolea na ujumbe wa mvua. Jina likiandikwa la mume anayefanya kazi Mombasa, ujumbe humfikia yeye na si mama anayepalilia. Kuandikwa kuwa mlimaji si kudai ardhi, na hilo lielezwe nyumbani wazi kabla ya fomu kujazwa, ili lisije likavunja familia.

TAARIFA ZA MKULIMA NI MALI YAKE

Ramani ya shamba ikiambatana na jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu huwa taarifa ya kibinafsi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumiwa kwa kazi gani, kuziona, kukataa zisitumiwe, na kutaka zilizo za uongo zisahihishwe au zifutwe. Malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Anayekuja kupima aulizwe maswali manne: Ametumwa na nani? Taarifa ni za kazi gani? Zitahifadhiwa wapi na nani ataziona? Mkulima atapewa nakala ya ramani yake? Afisa wa kweli ana kitambulisho cha kazi na hakasiriki akiulizwa. Asiyejulikana athibitishwe kwanza na chifu, mzee wa kijiji au ofisi ya kilimo ya wadi. Namba ya siri ya M-Pesa haihusiani kabisa na kupima shamba. Anayeiomba ni tapeli.

ZOEZI LA NYUMBANI

Swali la 1: Programu imeonyesha hekta 0.6. Hizo ni ekari ngapi, na zinahitaji kilo ngapi za mbegu ya mahindi?

Jibu: 0.6 mara 2.47 ni ekari 1.48. Kwa kilo 10 kwa ekari, ni takriban kilo 15.

Swali la 2: Mpaka wote wa shamba ni ekari 1.2. Boma, zizi na makaburi ni ekari 0.3. Mbolea ya kupandia inunuliwe kilo ngapi, kwa kilo 50 kwa ekari?

Jibu: Eneo linalolimwa ni ekari 0.9. Mbolea ni kilo 45.

Swali la 3: Mzunguko wa kwanza umeonyesha ekari 0.8 na wa pili ekari 1.0. Mkulima achukue wastani wa ekari 0.9?

Jibu: La. Tofauti imezidi sehemu moja ya kumi. Apime mara ya tatu, akiangalia zaidi kona zilizo chini ya miti.

Swali la 4: Ekari moja ina minazi 40, na chini yake pamepandwa muhogo kote. Iandikweje?

Jibu: Kipande kimoja cha ekari 1, zao kuu likiwa muhogo au minazi kulingana na linalotegemewa zaidi, lingine likitajwa kuwa limechanganywa, na minazi ikiandikwa kwa idadi: 40.

Mkulima asiye na simu ya kisasa anaweza kupima kwa simu ya mtoto, jirani au kiongozi wa kikundi. Kikundi cha watu kumi kikiwa na simu moja na tepu moja kinaweza kumaliza mashamba yote katika siku chache, kila mmoja akishuhudia mpaka wa mwenzake. Wakati mzuri ni kabla ya mvua, nyasi zikiwa fupi na mipaka ikionekana. Atakayekwama aende kwa afisa wa kilimo wa wadi yake akiwa na simu, daftari na, kama anayo, nakala ya hati au barua ya ugavi. Kabla hajanunua mbegu za msimu ujao, awe na namba moja ya kuaminika mkononi: ekari anazolima kweli.